Mawakili: midomo inachungwa, mikono je?

Naandika kutoka Hale, wilaya ya Korogwe. Kwa wasiopajua, ukishaiacha Segera ukashika barabara ya Tanga utakutana na mashamba ya mkonge na kituo cha umeme wa mto Pangani. Hapo ndipo kwetu.

Leo tuongelee mawakili. Najua ukitaja mawakili siku hizi mtu anadhani unaleta siasa, na siwezi kumlaumu, manake kesi za nidhamu ya mawakili zilizotikisa nchi hii miaka ya karibuni zilihusu kitu wakili alichosema. Sijawahi kusikia redio inakatisha muziki kututangazia wakili aliyekula hela ya mjane wa Handeni. Hoja yangu ni hiyo tu: dola yetu imekuwa hodari sana kuchunga mdomo wa wakili, ila mkono wake tumeachiwa tuuchunge wenyewe, na wengi wetu hatujui hata pa kuanzia.

Nianze na midomo, kwa sababu huko ushahidi uko wazi.

Machi 2017 Tundu Lissu alichaguliwa rais wa Chama cha Wanasheria Tanganyika, TLS, kule Arusha. Kabla ya uchaguzi, Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe, alishatishia kwamba chama kikijigeuza cha siasa kitafutwa. Chama chenyewe kipo kwa sheria ya mwaka 1954, yaani ni rika moja na TANU, kwa hiyo hicho kilikuwa kitisho kizito. Septemba mwaka huohuo Lissu akapigwa risasi Dodoma, yale mnayajua. Mwaka 2018 zikatoka kanuni mpya za uchaguzi wa TLS zikiwafungia mlango wenye vyeo vya siasa, na mawakili wakajibu kwa kumchagua Fatma Karume, ambaye hakuwa na cheo chochote cha siasa. Ana jina tu. Babu yake ni Mzee Abeid Amani Karume, baba yake ni Rais mstaafu wa Zanzibar, na mdomo wake haukuwa na breki.

Sasa angalia kilichotokea. Ado Shaibu wa ACT-Wazalendo alifungua kesi kupinga uteuzi wa Profesa Adelardus Kilangi kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Wakili wake alikuwa Fatma. Tarehe 20 Septemba 2019 Jaji Kiongozi Eliezer Feleshi akaitupa kesi, na humohumo ndani ya uamuzi akamsimamisha Fatma uwakili, kwa sababu ya maneno aliyoyaandika kwenye hoja zake ambayo upande wa serikali uliona ni ya utovu wa adabu. Yaani mteja alienda kusikiliza kesi ya Mwanasheria Mkuu, akatoka hana kesi wala wakili. Septemba 2020 Kamati ya Mawakili ikamfuta kabisa kwenye daftari la mawakili wa Tanzania Bara. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ikatengua uamuzi huo wa kumfuta. Na mwaka huohuo, mwezi Septemba, Jaji Feleshi akateuliwa kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Sisemi kuna njama, nasema tarehe zimekaa hivyo, kila mtu ana kichwa chake.

Hiyo Kamati ya Mawakili ndiyo ya kuielewa, kwa sababu ndiyo yenye kisu. Imeundwa na Sheria ya Mawakili, Sura ya 341. Mwenyekiti ni Jaji wa Mahakama Kuu anayetajwa na Jaji Mkuu, TLS ina nafasi yake, na upande wa sheria wa serikali nao una nafasi yake. Kamati inaweza kumwonya wakili, kumsimamisha kwa muda au kumfuta. Mpaka hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu unaanza pale ambapo mlalamikaji ni Mwanasheria Mkuu na sheria hiyohiyo imeipa serikali kiti mezani. Hata mechi ya mchangani hapa Hale huwezi kumweka refa ambaye ni kocha wa timu moja, watu watang'oa magoli.

Ikaja zamu ya Boniface Mwabukusi. Mwaka 2023, wakati wa sakata la mkataba wa bandari na DP World, alikuwa kwenye jopo la mawakili waliopeleka kesi Mahakama Kuu Mbeya kupinga mkataba ule. Kesi ilishindwa Agosti 2023. Mwanasheria Mkuu akamshitaki Kamati ya Mawakili kwa matamshi yake nje ya mahakama, na mwaka 2024 Kamati ikampa onyo. Onyo tu, utasema ni dogo. Lakini lilipofika kwenye uchaguzi wa TLS likageuka rungu, jina lake likakatwa kwenye wagombea urais kwa hoja ya maadili. Akaenda Mahakama Kuu, mwishoni mwa Julai 2024 ikamrudisha, na tarehe 2 Agosti mawakili wakampa urais kule Dodoma. Kwa hiyo walimwengu wa sheria walipiga kura wakijua kabisa jamaa ana onyo. Hiyo inakuambia wanavyolichukulia lile onyo.

Msinielewe vibaya. Wakili lazima awe na mipaka ya maneno. Kanuni za maadili za mawakili za mwaka 2018 zinataka aiheshimu mahakama, na ni sawa, manake wakili akimtukana hakimu anayelipa ni mteja. Shida yangu ni uwiano. Tukipima nguvu iliyotumika kwa maneno ya watu wawili tu, Kamati, Mahakama Kuu, ofisi ya Mwanasheria Mkuu, miaka na miaka, halafu tukapima nguvu inayomfikia mtu wa Hale aliyelizwa laki tatu na nusu na wakili wake, mizani inalala upande mmoja.

Twende kwenye mikono sasa.

Hapa kwetu kesi kubwa ni ardhi. Mzee amefanya kazi kwenye mkonge miaka, akanunua ekari zake mbili akapanda machungwa na mihogo, akifa watoto wanagombana, au anatokea mtu na karatasi. Nyingine ni fidia za ajali za hii barabara, nyingine mirathi. Kesi hizo zikivuka baraza la kata zinaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, au mahakama. Na huko ndiko mtu anapokutana na wakili kwa mara ya kwanza maishani, na hajui amwulize nini.

Jirani yangu mmoja, mstaafu wa mkonge, alikutana na mtu wa suti mjini. Simtaji. Kesi ya shamba, wakakubaliana laki tano, akatoa laki tatu na nusu kwanza. Risiti hakuna, karatasi ya makubaliano hakuna, namba ya simu ipo. Kila akipiga anaambiwa "kesi inaendelea mzee, wewe pumzika". Mzee akapumzika kweli. Siku moja akaamua apande gari aende mwenyewe, akakuta kesi ilishafutwa miezi minne nyuma kwa sababu hakuna aliyehudhuria, si yeye wala huyo wakili. Tukaja wote kafe tukafungua mfumo wa Mahakama unaoitwa e-Wakili, tukaandika jina. Jina likatokea! Mzee akafurahi kabla hajasoma vizuri. Kumbe kwenye hadhi pameandikwa kwamba hajahuisha leseni yake ya uwakili. Kwa hiyo ni wakili, ila kwa mwaka ule hakuruhusiwa kufanya kazi ya uwakili. Hiyo ilikuwa elimu mpya kwangu. Nilidhani kuna makundi mawili, wakili na kishoka. Kumbe kuna la tatu katikati.

Neno kishoka sisi wa Hale tunalijua kutoka TANESCO, yule fundi wa uchochoroni anayekuunganishia umeme usiku halafu nyumba inaungua. Kwenye sheria ni walewale. Anavaa tai, anashinda karibu na mahakama, anaongea na makarani kama ndugu zake, na kazi yake inaonekana tu siku hati yako inapokataliwa. Sheria ya Mawakili imelikataza hili muda mrefu. Kifungu cha 43 kinamfanya kuwa na kosa mtu asiye wakili anayetayarisha kwa malipo hati za mali au za mahakamani. Kifungu cha 44 kinataka kila hati ya namna hiyo iandikwe jina na anwani ya aliyeitayarisha. Ule mstari mdogo wa mwisho unaosema "imeandaliwa na" ambao watu wanaupita, ndio unaokuambia nani anabeba msala mambo yakiharibika. Ukiona hauna jina, ujue aliyeandika hataki kupatikana.

Na hapa vijana wenzangu wa kafe na steshenari mnisikilize, manake mnaweza kujikuta ndani bila kujua. Mteja akija na hati iliyoandikwa na wakili ukamchapia, umechapa, basi. Akija na maneno ya mdomo, "niandikie hati ya kiapo", "nitungie mkataba wa kuuziana shamba", ukafungua ile ya mteja wa jana ukabadilisha majina na ekari, ukapokea elfu tano yako, hapo hujachapa. Umetunga. Najua njaa ni njaa, na najua hizo kazi ndizo zinazolipa bili ya umeme. Lakini mkataba wa kukopi unaweza kubeba mipaka ya shamba la mtu mwingine, na yule mama aliyekulipa elfu tano akapoteza ekari tatu. Tena kwa ardhi ya kijiji hata muhuri wa wakili peke yake hautoshi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaitaka Halmashauri ya Kijiji iidhinishe. Watu wanapiga mihuri mitano ya wino wa zambarau wakidhani wamemaliza.

Kuna mtu atasema dawa ni kubana mlango wa kuingilia, wapitishwe wachache waliofaulu vizuri. Mlango umebanwa tayari jamani. Oktoba 2022 yalipovuja matokeo ya Shule ya Sheria, kati ya wanafunzi 633 waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Watu 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani na 265 wakaondolewa. Nchi nzima ikapiga kelele, serikali ikaunda kamati ya kuchunguza, na mwenyekiti akawa Dk. Mwakyembe yuleyule wa 2017 (huyu mzee hana bahati ya kupumzika). Mjadala wote ukawa nani alaumiwe, vyuo vikuu au Shule ya Sheria. Mimi nimeishia fomu siksi, sina la kuongeza kwenye ugumu wa mitihani yao. Ninachojua ni kwamba mtihani unapima kama mtu anaijua sheria. Haupimi kama atapokea simu yako baada ya kulipwa.

Wakenya walitoa somo zuri Oktoba 2023. Chama chao cha mawakili, LSK, kilitangaza kwamba kijana anayeitwa Brian Mwenda anajifanya wakili na hajawahi kuapishwa. Kwa mujibu wa LSK, aliingilia kwenye mfumo wao wa mtandaoni akaunti ya wakili halali mwenye jina linalofanana na lake. Ikasambaa kwamba ameshashinda kesi 26, na hapo ndipo pananifikirisha. Vijana mtandaoni, Kenya na hata huku Bongo, walimshangilia. Wengine wakasema apewe digrii ya heshima, hata kiongozi wa vyama vya wafanyakazi kule, Francis Atwoli, akamtetea. Ulikuwa utani, lakini ndani yake kulikuwa na hasira. Mtu anayemshangilia kishoka ni mtu ambaye wakili halali alishamwumiza, au hana hela ya kumfikia. Tukiwapigia kelele vishoka bila kuigusa hasira hiyo, watu watawafuata tu, manake kishoka ana sifa mbili wakili hana: yuko karibu na anapokea elfu kumi kumi.

Sheria zimejaribu kusaidia, tuwe wakweli. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na msaada wao ni bure. Akikutoza, hapo tayari si msaada. Mwaka 2021 mabadiliko yakaruhusu mawakili kuingia Mahakama ya Mwanzo inayoongozwa na hakimu mkazi, zamani walikuwa hawakanyagi kabisa. Mwaka huohuo Kiswahili kikafanywa lugha ya mahakama. Hili la mwisho kwangu ndilo kubwa kuliko yote, maana wakili aliyekuandikia Kiingereza angeweza kukuandikia chochote. Siku hizi una haki ya kumwambia, bwana, niandikie kwa lugha ninayoisoma.

Lakini kulalamika bado ni mlima. Malalamiko dhidi ya wakili yanaenda kwenye Kamati ya Mawakili kwa maandishi na kiapo na vielelezo, na TLS nayo inapokea masuala ya maadili ya wanachama wake. Sasa fikiria yule jirani yangu. Ili amshitaki wakili aliyemla hela anahitaji kiapo. Kiapo anakiandikiwa na nani? Na wakili mwingine. Kwa shilingi ngapi? Na kielelezo chake ni nini wakati risiti hakupewa? Kenya wamekuwa na Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili tangu mwisho wa miaka ya themanini, ofisi ya umma ambayo mwananchi anaenda na malalamiko yake bila kulipa, wao ndio wanaoyaandaa na kuyapeleka mbele. Si kwamba Kenya mawakili ni malaika, Brian Mwenda ni wa kwao. Ila mzee wa huko ana dirisha la kubisha hodi.

Kwa maoni yangu, na mtanipinga mkitaka, mambo mawili yangebadilisha hali huku kwetu kuliko kumfuta Fatma mara kumi. Moja, Mwanasheria Mkuu akiwa ndiye mlalamikaji, mtu yeyote kutoka serikalini asikae kwenye kiti cha kuamua. Hilo si gumu, ni kanuni ya mstari mmoja. La pili ndilo zito. Malalamiko ya hela yapokelewe wilayani, kwa mdomo na kwa Kiswahili, karani ayaandike, na mzee aape hapohapo bila kulipa. Halafu majina ya waliopatikana na hatia ya kula hela za wateja yabandikwe kwenye mbao za matangazo za mahakama, Korogwe na Handeni, pale tunapobandikiwa wito wa mirathi. Mdomo wa wakili ukikosea, jaji yupo palepale anasikia. Mkono ukikosea hakuna anayeona, isipokuwa mtu mmoja aliyekuwa anasubiri simu.

Wakati hayo hayajafika, mtu akitaka kukufanyia kazi ya uwakili mwombe jina lake kamili na namba yake ya uwakili, njoo hapa kafe, fungua e-Wakili. Usiishie kwenye jina, soma na hadhi kama leseni iko hai mwaka huu, na uangalie picha inafanana na aliyekaa mbele yako. Dai makubaliano ya maandishi na risiti ya EFD, ile ya mashine, si ya kitabu cha dukani. Ukimpa hela ya fidia au ya mnunuzi akushikie, mwulize inakaa akaunti gani, kwa sababu hela ya mteja haitakiwi kuchanganywa na yake. Na tarehe ya kesi iandike wewe mwenyewe kwenye daftari lako, uende, hata kama amekwambia pumzika.

Yule jirani yangu ameomba kesi yake irudishwe, akaeleza kwa nini alichelewa, na safari hii amesimama mwenyewe bila wakili. Hela yake bado. Mwenye ndugu Handeni aliyewahi kupeleka malalamiko ya hela Kamati ya Mawakili mpaka yakaisha, aandike ilichukua muda gani na alirudishiwa kiasi gani, tumpe mzee majibu.